Chupa Nne za Mafuta kutoka Lubumbashi

Mashua ya Baba Amédée Kisimba ilikaa uani miaka mitano bila kuguswa na maji, isipokuwa maji ya mvua. Mji wetu wa Kamina una reli, una kambi ya jeshi, una soko kubwa la mahindi, lakini hauna mto wa kubeba chombo cha namna ile. Kwa hiyo mashua ile nyeupe yenye mstari wa buluu, iliyowekwa juu ya magogo mawili kati ya jiko na choo, ilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Wake wa askari waliopita na beseni zao za mikate kichwani walikuwa wakimwuliza Mama Denise, mke wake, kama samaki wameshapanda treni kumfuata. Aliwajibu kwamba wamepanda, ila wameshukia njiani kununua chumvi.

Ilikuwa mashua ya matembezi, si ya kazi. Ilikuwa na viti vinne vya kitambaa, kivuli cha kukunjwa, na injini ya nje ya nguvu farasi arobaini, ile ambayo sisi huku tunaiita motere. Mkandarasi mmoja mgeni, aliyekuwa akijenga barabara, aliipandisha kwenye lori kila Jumapili ya kiangazi akaipeleka upande wa maziwa pamoja na watoto wake. Jumatatu aliirudisha Kamina, na Baba Amédée aliisafisha, akaikausha, akaikagua. Mkandarasi alimwalika mara nyingi aende naye majini. Baba Amédée hakukubali hata mara moja. Mwaka 2019, kazi ya barabara iliposimama, mgeni yule alirudi kwao akamwachia mashua, injini, na kitabu cha maelekezo ndani ya mfuko wa plastiki.

Nimekua nyumba ya tatu kutoka kwake. Tangu utotoni nilijua jambo moja juu yake ambalo kila mtu mtaani analijua: mfukoni mwake mna msumari wa inchi nne. Kazi yake ni kutengeneza pikipiki na jenereta. Kila anapomwaga mafuta mapya ndani ya injini ya mteja, chupa ikishakuwa tupu anaichukua, anaitoboa kitako kwa msumari ule, halafu mbavu, halafu anaiweka pembeni. Akina mama huwa wanazitaka sana chupa za namna hiyo kwa kuwekea mafuta ya mawese au petroli ya taa. Kwake walikuwa hawapati. Walimwita Baba Musumari, naye aliitika bila kukasirika.

Sababu ya msumari niliijua baadaye, kutoka kwa mke wake.

Miaka kumi na mbili iliyopita walikuwa wakiishi Bukama, kando ya Lualaba, naye alikuwa fundi wa injini za mashua. Mama Denise alikuwa na mdogo wake wa mwisho, jina lake Fils, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki. Alimnyonyesha, si kwa maziwa, alisema, bali kwa uji na wimbo. Fils alipokuwa kijana alipata kazi ya kuendesha mashua ya samaki. Siku moja ya mafuriko, Baba Amédée alimbadilishia mafuta ya injini kabla ya safari. Alinunua chupa sokoni, yenye karatasi nzuri na kifuniko kilichobana. Ndani yake yalikuwa mafuta machakavu ya lori, yaliyochujwa kwa kitambaa na kurudishwa ndani ya chupa nzuri iliyookotwa. Mafuta ya namna hiyo yakipata moto yanakuwa mepesi kama maji, na chuma kinabaki kinasugua chuma. Injini ilikamata, vyuma vikagandana, mbele ya daraja. Maji yaliibeba mashua yakaipiga kwenye nguzo. Fils alionekana siku ya tatu, mbali, kwenye matete.

Baada ya kilio walihamia Kamina, mahali pasipo mto. Tangu hapo Baba Amédée hakununua chupa ya mafuta bila kuigeuza, kuikagua shingo, kuifungua na kusugua tone moja kati ya kidole gumba na kidole cha pili, macho yakiwa yamefumbwa. Wala hakuacha chupa tupu nzima ipite mikononi mwake.

Mwaka jana, mwishoni mwa Septemba, Mama Denise alirudi kutoka hospitali na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kulikuwa na uvimbe kwenye ini. Daktari alikuwa ameeleza kwa upole kwamba hakuna upasuaji wa kufanya, kwamba ale anachotaka, na kwamba familia ihesabu majuma, si miezi. Mtoto wao wa pekee, Dany, anayefanya kazi kwenye duka la vipuri Lubumbashi, alitaka kupanda treni siku ileile. Mama yake alimwambia kwa simu asubiri kwanza, kwa sababu kuna jambo analotaka kufanya na baba yake.

Alitaka kuuona mto. Kijiji chao cha Kapungwe kiko chini ya Bukama, nusu siku kwa mashua yenye injini, na kaburi la mama yao liko hapo, juu ya kilima cha mchwa ambacho mafuriko hayakifikii. Njia ya gari haipo. Mashua za mizigo zinapita, lakini watu wanakaa juu ya magunia, wanasongamana na mbuzi, wanalala njiani, naye hakuwa tena na mwili wa kuvumilia hayo. Alitaka kupita mbele ya daraja, kumsalimu Fils, kisha kufika Kapungwe na jembe, alipalilie kaburi la mama yake, arudi. Aliyasema hayo akiwa ameketi kwenye kiti kidogo mbele ya jiko, akiitazama mashua, kama mtu anayeomba apelekwe sokoni.

Baba Amédée alianza kazi asubuhi iliyofuata. Aliosha mashua, akaziba nyufa mbili, akabadilisha bomba la petroli, akafungua injini yote akaipanga vipande vipande juu ya turubai. Christophe, jirani mwenye lori, aliyekuwa akienda Bukama kila Ijumaa kuchukua samaki wakavu, alikubali kuibeba mashua Ijumaa yoyote itakayompendeza Ya Amédée, yaani kaka mkubwa, kama alivyomwita kwa heshima. Sylvie, dada mkubwa wa Mama Denise, anayeishi Bukama, alituma habari kwamba kitanda kiko tayari. Kila kitu kilikuwa tayari ndani ya siku sita. Kilichobaki kilikuwa mafuta ya injini, lita mbili tu.

Aliniita nimsomee kitabu cha maelekezo, maana macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Ananiita Mwalimu, ingawa diploma yangu bado haijanipatia darasa. Nilimsomea ukurasa wa mafuta: mafuta ya injini ya mashua ya mipigo minne, unene wa 10W-30, na chupa iwe na alama ya herufi FC-W. Aliniomba nirudie. Nilirudia mara tatu. Kisha alinieleza, kwa uvumilivu wa fundi anayempenda mwanafunzi, kwamba injini ya mashua si ndugu ya injini ya gari. Gari linapumzika kwenye mteremko. Motere ya mashua inalia kwa nguvu zote kutoka mwanzo hadi mwisho, inakunywa unyevu, halafu inalala miezi, na kutu inaingia. Mafuta yenye alama ile yamewekewa dawa ya kutu. Na yeye hakutaka yale ya kawaida yanayosafishwa kutoka petroli ghafi. Alitaka ya sintetiki.

"Mafuta ya kawaida iko sawa na muntu mwenye kutumika muzuri asubui," aliniambia. "Jua ikipanda, anachoka. Ile ya sintetiki haichoke. Na kurudia tutapandisha mayi, mutoto wangu. Pale njo motere inajulikana."

Mayi ni maji: kurudi Bukama ni kupanda kinyume na mkondo wa mto. Tulikwenda sokoni pamoja. Mama Salomé, ambaye anauza mafuta ya mitambo karibu na mahali pa kupakilia mahindi, alimtolea chupa mbili za kawaida, za unene uleule wa 10W-30, ila bila alama ya mashua. Baba Amédée alizigeuza, akazikagua shingo, akafungua moja, akasugua tone. Aliniambia baadaye kwamba yalikuwa mafuta ya kweli, safi. Hata hivyo alizirudisha mezani. Mama Salomé alimwambia kwamba yeye anayatia mafuta hayohayo kwenye kinu chake cha unga mwaka wa tatu sasa, na kama yangekuwa mabaya, mtaa mzima ungekuwa unatafuna mahindi mabichi. Watu walicheka. Tshibangu, fundi mstaafu wa kambi ya jeshi, aliyekuwa amekaa hapo akisubiri mteja, alisema kwamba kwa safari ya siku moja hata yeye angeyatia bila kufikiri, halafu angeyamwaga wakirudi.

"Ndugu yangu, unachagua mafuta kama unachagua mukwe," alimwambia.

Baba Amédée alijibu kwamba mkwe mbaya anaweza kufukuzwa. Akampigia Dany simu palepale.

Dany alikuwa na haraka ya upendo, na haraka ile ilimpoteza. Alinunua mafuta bora ya sintetiki aliyoyaona dukani, ya bei kubwa kuliko yote, akayatuma kwa mtu aliyekuwa anapanda treni. Yalifika baada ya siku tisa. Niliyasoma mbele ya baba yake: sintetiki, ndiyo, lakini ya magari, membamba, yaliyotengenezwa ili gari lisile petroli nyingi. Herufi za mashua hazikuwepo. Baba Amédée aliikunja karatasi ya kifurushi polepole, akaziweka chupa chini ya kitanda, akampigia mwanawe simu tena, akamtajia herufi moja baada ya nyingine. Ijumaa ya kwanza ilikuwa imeshapita tukiwa tunayangoja hayo. Ya pili ilipita tukiyangoja mengine.

Siku hizo Mama Denise alianza tabia ya kukaa ndani ya mashua. Baada ya chai alitoka na fimbo, akapanda kwenye tofali tulilomwekea, akaketi kiti cha mbele chini ya kivuli na ungo wa maharagwe mapajani. Alichambua maharagwe yake humo hadi adhuhuri. Ngozi yake ilikuwa imegeuka njano, na macho pia, lakini wanawake waliopita barabarani aliendelea kuwachokoza, akiwauliza kama wana tikiti za kupanda. Mumewe alikuwa upande wa nyuma, akifuta injini ambayo ilikuwa imeshafutwa. Kutoka mbali ungesema ni watu wawili walio safarini.

Nilikuwepo, nikimsaidia mzee kufuta, Mama Denise aliposema bila kugeuza kichwa:

"Baba Dany, minyi nataka mayi. Weye kila siku unanipa mafuta."

Alimjibu kwamba mafuta yako njiani, siku nne, tano. Kwamba motere ikisimama katikati ya Lualaba naye akiwa mgonjwa ndani, itakuwa nini.

"Ikisimama tutavuta kasia."

"Na mikono gani, mama?"

"Na mikono yako. Minyi nitaimba."

Baba Amédée alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Aliweka kitambaa chini. Alisema kwa sauti ndogo, nami nilitamani kuondoka lakini sikujua namna, kwamba mtu anaweza kukosea mafuta mara moja katika maisha yake. Mara ya pili hawezi.

Mama Denise aliendelea kuchambua. Kisha akasema:

"Ile siku ya Fils, nilikuulizaka habari ya mafuta?"

"Hapana. Hukuniulizaka."

"Basi."

Alimpa ungo aushike, akashuka kwenye tofali peke yake. Jioni ile ndipo aliponieleza habari ya chupa ya Bukama na ya msumari, akanionya nisimwambie mumewe kwamba najua, kwa sababu anafikiri ameificha vizuri.

Ijumaa ya tatu Christophe hakungoja kuitwa. Alileta lori mbele ya ua asubuhi, na vijana sita wa kubeba. Nadhani Mama Denise alikuwa amemtumia mtu. Yeye mwenyewe alikuwa tayari, amevaa kitenge chake cha kanisani, kile cha Akina Mama Wakatoliki, kitambaa kichwani, jembe dogo limefungwa ndani ya gunia, na mkoba wa dawa. Alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo cha jikoni, mikono juu ya magoti. Chini ya kiti kulikuwa na chupa mbili za mafuta ya Mama Salomé. Alikuwa ameagiza zinunuliwe, kimya kimya.

Baba Amédée aliziona. Alimtazama mke wake, akaitazama injini, akalitazama lori. Usiku uliotangulia Dany alikuwa amepiga simu kusema kwamba safari hii amepata yenyewe, chupa nne, herufi zote zipo, na kwamba treni imeondoka Lubumbashi. Jumapili itakuwa Kamina. Siku mbili tu.

"Ya Amédée, nafasi iko," Christophe alimwambia. "Tubebe?"

Nimeirudia asubuhi ile kichwani mara nyingi. Hakuna aliyepaza sauti. Vijana walikuwa wameshika mbavu za mashua tayari. Baba Amédée aliinama, akachukua chupa moja chini ya kiti, akaigeuza, akaikagua shingo kama alivyofanya sokoni. Akairudisha chini.

"Ijumaa yenye kuja," alisema. "Jumapili mafuta inafika, Jumatatu natia, natesti mu pipa. Ijumaa tunaenda muzuri."

Mama Denise hakubishana. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akamwambia Christophe wafwako, ambalo kwa Kiluba ni asante, akasimama na kuingia ndani. Ilikuwa mara ya mwisho kumwona akitembea bila kushikwa.

Usiku wa Jumamosi mvua kubwa ya kwanza ilianguka. Ilisomba udongo chini ya reli mahali fulani kusini mwetu, na treni ikasimama porini na abiria wake wote na mizigo yao yote. Jumapili haikuja. Jumatatu haikuja. Baba Amédée alikwenda stesheni mara nne siku ya Jumatatu, akirudi kila mara na matope hadi magotini. Padre alikuja jioni na mafuta matakatifu, akampaka Mama Denise kwenye paji la uso na viganja. Mumewe alisimama mlangoni, akageuza uso ukutani.

Mama Denise alifariki Jumanne, kabla ya saa sita mchana. Mara ya mwisho aliposema maneno yaliyosikika, aliomba maji. Walimpa kwa kijiko.

Chupa zilifika Jumamosi, siku ya pili baada ya maziko, wakati kilio bado kimejaa ua. Dany alikuwa ameshapata nafasi kwenye gari la mizigo na kufika kumzika mama yake. Kifurushi alichokuwa amekitanguliza kilimfuata nyuma. Mtu wa stesheni alikileta akakikabidhi kwa wanawake wa jikoni, nao, kwa kuona kisanduku kimefungwa vizuri kutoka Lubumbashi, walidhani ni kinywaji cha wafiwa. Wakakiweka kivulini pamoja na kreti za bia. Baada ya muda mzee mmoja aliomba kifunguliwe. Zikatoka chupa nne za rangi ya fedha, kila moja na picha ya mashua inayokimbia juu ya maji, na chini yake herufi tatu. Baba Amédée alinyanyuka kwenye mkeka, akazipokea mbili mbili, akazipeleka ndani. Hakuzigeuza. Hakuzikagua shingo.

Nilifikiri hiyo ndiyo habari yote. Lakini siku chache baada ya kuondoa kilio cha siku arobaini, alinigongea mlango akiwa na chupa mbili mkononi, akaniuliza kama naweza kumsindikiza Bukama. Zilikuwa chupa za Mama Salomé, zilezile zilizokuwa chini ya kiti cha jikoni. Nilimwuliza kwa nini asitie mafuta mapya ya Dany, ambayo tuliyangoja kwa shida namna ile. Alisema anataka kujua.

"Kujua nini, baba?"

"Kama ilikuwa inatosha."

Aliyamimina mbele yangu, polepole, kupitia kitambaa safi. Christophe alitupeleka. Kule Bukama, Sylvie alitungoja kando ya maji na jembe dogo la marehemu, lile lililokuwa ndani ya gunia. Alikuwa ameliomba siku ya maziko. Baba Amédée aliajiri vijana wawili wa pale, wavuta kasia hodari, na ndani ya mashua aliweka kasia nne na koti la kuelea kwa kila mtu. Niliona ni busara ya mzee. Baadaye nilielewa.

Injini iliwaka alipojaribu mara ya pili. Tulipita mbele ya daraja. Sylvie alisema maneno kwa Kiluba akiutazama mto, akatupa majini kipande cha mkate. Baba Amédée hakuangalia daraja. Alikaa nyuma kabisa, kiganja chake kimelala juu ya mfuniko wa injini, kichwa kimeinama upande kama daktari anayesikiliza kifua. Alikaa hivyo saa ya kwanza, saa ya pili, saa ya tatu. Jua lilipanda. Kila sauti ilipobadilika kidogo, kwa sababu ya majani au wimbi, aliinua uso haraka, na usoni pake sikuona hofu. Niliona tumaini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzee huyu alikuwa anaingoja injini isimame. Ikikamata, hata kama tutavuta kasia hadi usiku, atakuwa amefanya vizuri ile Ijumaa.

Haikusimama. Tulifika Kapungwe kabla ya saa tano. Sylvie alipalilia kaburi la mama yao, akalipalilia kwa niaba ya mdogo wake, na Baba Amédée alibeba majani kwa mikono akayatupa mbali. Hakukaa chini hata mara moja. Alitaka turudi, kwa sababu kurudi ndiko kupandisha maji, na huko ndiko injini inakojulikana.

Tulipandisha Lualaba mchana wote. Maji ya Desemba yalikuwa mazito na ya kahawia, yanasukuma. Motere ililia kwa nguvu zake zote, sauti moja, sawasawa, kama kinu cha Mama Salomé. Vijana wa kasia walisinzia. Tulifika Bukama jua likiwa bado juu ya matete.

Baba Amédée aliacha injini ipoe. Kisha akafungua mfuniko, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwenye kitambaa cheupe, akakirudisha, akakichomoa tena. Mafuta yalikuwa yamefika palepale kwenye alama. Rangi yake ilikuwa ya asali. Alisugua tone kati ya vidole viwili, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko siku nyingine zote nilizomwona.

"Ilikuwa inatosha," alisema.

Sylvie alikuwa akiosha miguu majini. Alimwambia kwa huruma:

"Shemeji, Vidye njo anapangaka."

Vidye kwa Kiluba ni Mungu. Baba Amédée alikifuta kijiti tena, ingawa kilikuwa safi.

"Usitie Vidye mule," alimjibu. "Ile Ijumaa ni minyi njo nilisemaka."

Sylvie alitoa miguu majini. Alikaa karibu naye juu ya ukingo wa mashua, mabega yao yakigusana, mpaka wavuvi walipoanza kurudi. Mwanamke mmoja muuza samaki alisogea akaomba zile chupa mbili tupu zilizokuwa kwenye sakafu, apate kuwekea mawese. Baba Amédée alimwomba msamaha, akatoa msumari wake mfukoni, akazitoboa moja baada ya nyingine, kitako halafu mbavu.

Mashua aliiacha kwa Sylvie, ambaye sasa anapeleka wagonjwa na akina mama wajawazito wa vijiji vya chini hadi Bukama. Kila mwezi Baba Amédée anamtumia mafuta ya injini kwa lori la Christophe. Ni mafuta ya kawaida, ya Mama Salomé, naye anayakagua kwanza.

Zile chupa nne za rangi ya fedha ziko dirishani, upande wa kitanda aliokuwa akilala mke wake. Hazijafunguliwa. Habari zake zimeenea mjini, maana mafuta ya namna ile hayapatikani hapa, na mafundi wa kambi wamekuja mara kadhaa kuomba kuzinunua. Baba Amédée anawapa kiti, anawapa maji ya kunywa, na anawaambia kwamba zina mwenyewe.